Chati za bure zenye masharti: Mambo ya kujua kabla ya kuchagua maktaba huria

Na Mwandishi Wetu

WATENGENEZAJI wengi wa programu za kompyuta huchagua maktaba ya kuchora chati kwa dakika kumi. Hufungua kivinjari, huona mchoro wenye rangi za kuvutia, huupakua, na kazi huendelea.

Maswali huanza miaka mitatu au minne baadaye. Mteja anapiga simu kuuliza kwa nini mahali palipokuwa na chati sasa pana kiboksi cheupe. Mwanasheria wa kampuni anataka kuiona leseni. Mhasibu anauliza bili hii ya dola imetoka wapi, wakati tangu mwanzo aliambiwa kila kitu ni bure.

Kwa vijana wetu wanaotengeneza mifumo ya kompyuta, wawe Dar es Salaam, Mombasa, Muscat au Minneapolis, jambo hili si dogo. Wengi wao hufanya kazi peke yao au wawili watatu, kwa malipo yanayotolewa mara moja tu. Mfumo ukiharibika baada ya miaka, hakuna fungu la kuurekebisha, na jina linalochafuka ni la yule aliyeutengeneza.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua maktaba huria ya chati ili usije ukajikuta katika hali hiyo. Hoja yetu ni moja: uzuri wa picha ni kitu cha mwisho kutazamwa. Cha kwanza ni masharti ya maktaba, cha pili ni watu walio nyuma yake, na cha tatu ni iwapo inaifaa kazi uliyonayo.

Maktaba ni nini hasa?

Kwa msomaji asiye wa fani hii, maktaba hapa si nyumba ya vitabu. Ni fungu la msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, lililoandikwa na watu wengine, ambalo wewe unalitia ndani ya programu yako ili usianze kila kitu upya.

Ni sawa na fundi seremala. Anapotengeneza mlango hafui bawaba mwenyewe, hununua dukani. Lakini bawaba ikikatika, mlango ndio unaoanguka, na mwenye nyumba atamwita fundi, hatamwita mwenye duka.

Chati zenyewe ni za zamani kuliko kompyuta. Mskoti William Playfair alichapisha mwaka 1786 kitabu chenye michoro ya mistari na nguzo kuhusu biashara ya Uingereza. Mwaka 1801 akaleta chati ya duara iliyogawanywa vipande kama chapati.

Tangu wakati huo kazi ya chati haijabadilika. Ni kumwezesha mtu kuona mara moja jambo ambalo angelitafuta kwa nusu saa katika safu za tarakimu.

Katika nchi zetu kazi hiyo ina uzito wake. Mwaka 2011 Kenya ilianza kutumia nchi nzima, kwa njia ya intaneti, mfumo wa takwimu za afya uitwao DHIS2, ambao ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Tanzania, Uganda na Rwanda nazo zinautumia.

Idadi ya wagonjwa wa malaria au ya watoto waliochanjwa hutoka zahanati, huingizwa kwenye mfumo, na ofisa wa wilaya huiona ikiwa mstari unaopanda au kushuka. Mstari huo usipoonekana siku unapohitajika, atakayeumia hayupo mbele ya kompyuta.

Zilizovuma zikafa

Msomaji aliyekuwa akitumia intaneti miaka ya 2000 ataikumbuka Flash. Chati nyingi zilizokuwa zikisogea na kubadilika kwenye tovuti za wakati huo zilitegemea teknolojia hiyo. Mojawapo ya zilizopendwa ilikuwa Open Flash Chart, maktaba huria ambayo mtu yeyote aliweza kuichukua bila malipo.

Simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007 haikuwa na Flash. Aprili 2010, Steve Jobs wa kampuni ya Apple aliandika waraka wa wazi akieleza kwa nini hataikubali. Julai 2017, kampuni ya Adobe iliyokuwa ikiimiliki ilitangaza kuwa itaachana nayo, na ikafanya hivyo tarehe 31 Desemba 2020.

Chati zote zilizokuwa zimesimama juu ya Flash zikazimika nayo. Open Flash Chart ilikuwa huria kweli, lakini sakafu iliyokanyaga ilikuwa mali ya kampuni moja. Sakafu ilipobomolewa, uhuru wa maktaba haukusaidia kitu.

Kisa cha pili ni cha Google. Desemba 2007 kampuni hiyo ilianzisha huduma rahisi ajabu ya kuchora chati. Uliandika tarakimu zako ndani ya anwani ya ukurasa, na seva ya Google ikakurudishia picha iliyokwisha kuchorwa.

Mwaka 2012 Google ilitangaza kwamba huduma hiyo imepitwa na wakati, na Machi 2019 ikaizima. Kurasa ambazo hazikuwa zimebadilishwa zilibaki na alama ya picha iliyovunjika.

Somo la hapa ni kwamba huduma si maktaba. Maktaba iliyohifadhiwa kwenye seva yako itaendelea kufanya kazi hata waliyoiandika wakifunga ofisi. Huduma iliyo kwenye seva ya mwingine huishi kwa hiari ya mwenyewe, na siku akizima swichi, nawe umezimika.

Bure si huria

Bahati nzuri Kiswahili kina maneno mawili hapa, wakati Waingereza wanahangaika na moja. Bure ni habari ya bei. Huria ni habari ya haki: haki ya kuufungua msimbo, kuusoma, kuubadilisha na kumpa mwingine.

Wasomaji watakumbuka Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004 na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika kutoka Sweden. Kazi ile iliwezekana kwa sababu OpenOffice ilikuwa huria. Leseni iliwaruhusu kuifungua, kuitafsiri na kuisambaza bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Katika chati, tofauti ya bure na huria imewanasa wengi. Chukua Highcharts. Ilitoka mwaka 2009 katika kijiji cha Vik, Norway, ambako mwanzilishi wake, Torstein Hønsi, alikuwa akitafuta njia ya kuonyesha kina cha theluji kwenye mlima wa karibu na kwao. Ni maktaba nzuri, yenye maelezo mazuri, na msimbo wake unaweza kuusoma.

Lakini si huria. Matumizi ya kibiashara yanahitaji leseni ya kulipia. Hakuna kosa katika hilo, kwani mwenye mali ana haki ya kuiuza. Kosa ni la yule anayeitumia kwenye mfumo wa kampuni kwa kuwa tu imepakuliwa bila kudaiwa senti, halafu anamwachia mteja bili.

Google Charts, iliyochukua nafasi ya ile huduma ya picha, nayo ni bure. Hata hivyo, masharti yake hayaruhusu kuupakua msimbo na kuuweka kwenye seva yako. Maana yake ni kwamba ofisi iliyojifungia kwenye mtandao wa ndani, au zahanati ambayo intaneti yake inakatika kila mvua ikinyesha, haitaona chati.

Leseni kwa lugha nyepesi

Leseni za programu huria ziko nyingi, lakini kwa mtu anayetafuta maktaba ya chati zinaingia katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni leseni laini, kama MIT, BSD na ISC. Kwa ufupi zinasema: tumia, badilisha, hata uza, ila usiondoe jina la mwandishi na maandishi ya leseni, wala usitushitaki mambo yakiharibika. Chart.js na plotly.js zina leseni ya MIT, na D3 ina leseni ya ISC.

Karibu na hizo ipo Apache 2.0, inayotumiwa na ECharts. Hii inaongeza kipengele cha hataza, yaani haki za uvumbuzi. Waliochangia msimbo wanakuruhusu kutumia hataza zao zinazohusika, ili kesho wasije wakakudai kwa mlango wa nyuma.

Kundi la pili ni LGPL. Mfano ni JFreeChart, maktaba ya lugha ya Java iliyoanzishwa na David Gilbert mwaka 2000. Unaweza kuitumia ndani ya programu ambayo msimbo wake hutaki kuuonyesha. Lakini ukiibadilisha maktaba yenyewe na kuisambaza, mabadiliko hayo lazima uyatoe kwa masharti yale yale.

Kundi la tatu ni GPL. Hapa ukisambaza programu iliyounganishwa na msimbo huo, programu nzima inafuata masharti hayo, na anayeipokea ana haki ya kupewa msimbo wake. AGPL inakwenda mbali zaidi. Ukiibadilisha programu hiyo na watu wakaitumia kupitia mtandao, nao wana haki hiyo hiyo.

GPL si leseni mbaya. Imewekwa kwa makusudi ili kazi ya wengi isigeuzwe mali ya mmoja. Ila kama mteja amekulipa akitarajia msimbo uwe siri ya kampuni yake, mnapaswa kukubaliana kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa.

Na msimbo ulioachwa mtandaoni bila leseni yoyote? Vijana wengi hudhani huo ndio huru kuliko yote. Kisheria ni kinyume chake. Pasipo na leseni, haki zote zinabaki kwa aliyeuandika, na wewe hujaruhusiwa kitu.

Nani yuko nyuma yake?

Baada ya leseni, tazama watu. Maktaba huishi kwa sababu kuna mtu anayeamka kurekebisha kasoro zake, na mtu huyo anaweza kuchoka, kuhama au kufa.

Hilo la mwisho liliipata matplotlib, maktaba ya lugha ya Python. Iliandikwa na John Hunter, mtafiti wa mfumo wa neva mjini Chicago, aliyehitaji kutazama mawimbi ya umeme wa ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2003. Agosti 2012, Hunter alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 44, kutokana na matatizo yaliyofuatia matibabu ya saratani.

Maktaba haikufa naye. Tayari kulikuwa na watu wengine waliouelewa msimbo na wenye ruhusa ya kuutoa. Aprili 2019, dunia ilipoonyeshwa picha ya kwanza ya shimo jeusi la angani, matplotlib ilikuwa miongoni mwa zana ambazo wanasayansi wale walizitumia.

Chart.js nayo ilianza na mtu mmoja, Nick Downie, mwaka 2013, na baadaye ikashikwa na kundi la watu wanaojitolea. ECharts ilizaliwa mwaka huo huo katika kampuni ya Baidu ya China. Mwaka 2018 ilipelekwa katika taasisi ya Apache kulelewa, na mwaka 2021 ikawa mradi kamili wa taasisi hiyo. Leo Baidu ikiamua kuachana nayo, jina na msimbo havitaondoka nayo.

Upande wa pili wa shilingi ulionekana Januari 2022. Mwandishi wa maktaba mbili zilizotumiwa sana, colors na faker, aliziharibu mwenyewe kwa makusudi. Programu nyingi duniani zilizokuwa zikichukua toleo jipya moja kwa moja ziliamka zikitapika herufi zisizo na maana. Kabla ya hapo mwandishi huyo alikuwa amekwisha kusema hadharani kuwa amechoka kuyafanyia makampuni makubwa kazi ya bure.

Maktaba hizo mbili hazikuwa za chati, lakini funzo lake linatuhusu. Kabla ya kuchagua, angalia toleo la mwisho limetoka lini. Angalia ni watu wangapi wameandika msimbo mwaka uliopita: mmoja, au kumi? Soma maswali ya watumiaji uone kama yanajibiwa au yamelala tangu mwaka juzi.

Idadi ya nyota za sifa kwenye ukurasa wa mradi isikutie kiwewe. Nyota hutolewa mara moja na haziondoki hata mradi ukifa.

Kazi uliyonayo ndiyo itakayoamua

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Hapa makosa mengi hutokana na kuchagua maktaba yenye nguvu kuliko haja.

D3 ni mfano mzuri. Ilitoka mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Stanford, kazi ya Mike Bostock, Jeffrey Heer na Vadim Ogievetsky. Bostock baadaye alifanya kazi katika gazeti la The New York Times, ambako michoro yake ilisifiwa sana. Kijana akiiona michoro ile husema: nami nataka D3.

Asichojua ni kwamba D3 haikupi chati. Inakupa vifaa vya kutengenezea chati: vipimo, mihimili, mistari, hesabu za maumbo. Ni sanduku la zana la fundi, wakati Chart.js ni kiti kilichokwisha kuundwa. Mwenye kutaka kiti cha kukalia leo hana sababu ya kununua randa na patasi. Lakini anayetaka kiti ambacho hakijapata kuonekana, kiti cha dukani hakitamsaidia.

Jambo la pili ni idadi ya nukta. Chati kwenye kivinjari huchorwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni SVG, ambapo kila nguzo na kila nukta ni kitu kinachojitegemea. Unaweza kukibonyeza, kukipaka rangi upya, na picha haipotezi ukali ukiikuza. Ya pili ni kanvasi, ambapo kila kitu kinapakwa juu ya ubao mmoja kama rangi ukutani.

SVG hupendeza kwa nguzo 12 za miezi ya mwaka. Ukiipa nukta 50,000 za kipimajoto kinachoandika kila dakika, kivinjari hulemewa, kwa kuwa kinalazimika kukumbuka vitu 50,000. Kanvasi haikumbuki chochote. Inapaka na kuendelea. Chart.js hutumia kanvasi, D3 hutumiwa zaidi na SVG, na ECharts inakuachia uchague.

Jambo la tatu ni uzito, na hapa msomaji wa nyumbani atatuelewa haraka kuliko wa Ulaya. Plotly.js kamili ina zaidi ya megabaiti 3 kabla ya kubanwa. ECharts kamili ina kama megabaiti 1. Chart.js ina takriban kilobaiti 200, na uPlot, iliyotengenezwa kwa ajili ya mistari ya muda tu, ina kama kilobaiti 50.

Aliyeko London mwenye intaneti ya nyumbani hataona tofauti. Aliyeko Mpanda anayenunua bando la siku kwa simu ataiona, tena ataiona mfukoni. Kubanwa kwa faili hupunguza uzito, na maktaba kadhaa zinakuruhusu kuchukua sehemu unayoihitaji tu. Soma maelekezo, chukua nguzo na mistari, yaliyobaki yaache.

Lugha yetu kwenye mhimili

Kuna mambo ambayo watengenezaji wa Ulaya na Marekani hawayajaribu, na ni juu yako kuyajaribu kabla ya kufunga shauri.

Miezi na siku ni rahisi. Vivinjari vya kisasa vinayajua majina ya Kiswahili, na maktaba nzuri itakuruhusu kupachika kifungu chako kinachogeuza tarehe kuwa maandishi. Maktaba isiyokuruhusu kubadili maandishi ya mhimili, iache.

Saa ni kazi zaidi. Mhimili utaandika 07:00, wala hautaandika saa 1 asubuhi. Ukichora mahudhurio ya zahanati kwa ajili ya wahudumu wanaohesabu saa za Kiswahili, lazima uligeuze mwenyewe, na uwaulize kwanza wanapendelea lipi.

Kwa wenzetu wa Oman na Ghuba kuna suala la Kiarabu, kinachoandikwa kutoka kulia. Chart.js ina mpangilio wa kugeuza maandishi ya ufunguo na ya vidokezo yaelekee upande huo. Usidhani kila maktaba inao. Weka maneno ya Kiarabu halisi uone, kwani herufi zisizoungana huonekana mara moja.

Mwisho ni rangi. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu mwanamume 1 kati ya 12 hatofautishi vizuri rangi fulani, hasa nyekundu na kijani. Na wote wenye macho mazuri hukutana na karatasi iliyochapishwa nyeusi na nyeupe. Matplotlib ilibadilisha rangi zake za kawaida mwaka 2017 kwa sababu kama hizo. Jaribu kuichapisha chati yako bila rangi. Kama haisomeki, ongeza alama au maandishi.

Tuchukue mifano

Tuseme chama cha kusaidiana cha Waswahili walio ughaibuni kinataka ukurasa unaoonyesha michango ya kila mwezi na matumizi ya misiba na matibabu. Wanachama 80, miezi 12, na wengi wanafungua kwa simu. Hapo nguzo na mistari inatosha. Chart.js inaimudu kazi hiyo na kubaki nafasi.

Tuseme mwanafunzi wa shahada ya uzamili anaandika tasnifu na anahitaji michoro 30 ya kuchapishwa. Hahitaji kivinjari kabisa. Matplotlib kwa anayejua Python, au ggplot2 kwa anayejua R, itampa faili safi za kuweka kwenye kitabu.

Tuseme ofisi ina mfumo wa zamani wa Java unaotoa ripoti za karatasi kila mwisho wa mwezi. JFreeChart inaingia humo bila kuvunja kitu. Na kama mhandisi anafuatilia pampu za maji zinazotuma kipimo kila sekunde, uPlot au ECharts itahimili mzigo huo.

Katika mifano hii yote hakuna maktaba iliyo bora kuliko nyingine zote. Kuna kazi, na kuna inayoifaa.

Maswali saba kabla ya kupakua

Moja: Leseni yake ni ipi, na mteja wangu anaijua?

Mbili: Naweza kuihifadhi kwenye seva yangu na ikafanya kazi bila intaneti?

Tatu: Inasimama juu ya teknolojia ya nani? Ya vivinjari vyote, au ya kampuni moja?

Nne: Watu wangapi wanaitunza, na mara ya mwisho wamegusa lini?

Tano: Nina nukta ngapi leo, na nitakuwa na ngapi baada ya miaka mitatu?

Sita: Simu ya bei ya chini itaifungua kwa sekunde ngapi?

Saba: Naweza kubadili lugha, tarehe na rangi bila kuuchokonoa msimbo wake wa ndani?

Maktaba ikishindwa swali la kwanza au la pili, usiendelee na mengine.

Jihadhari hata baada ya kuchagua

Hata uchague vizuri namna gani, ipo siku utahama. Chart.js ilipotoka toleo la pili kwenda la tatu mwaka 2021, namna ya kuandika mihimili ilibadilika, na chati zilizokuwa zikifanya kazi zilihitaji kuandikwa upya sehemu hizo. Waliokuwa wameiita maktaba moja kwa moja katika kurasa 60 walifanya kazi ya kurasa 60.

Dawa yake ni rahisi. Andika faili moja tu katika mradi wako linalozungumza na maktaba, na kurasa nyingine zote zizungumze na faili hilo. Siku ya kuhama utabadilisha mahali pamoja.

Taja namba kamili ya toleo unalotumia, ili toleo jipya lisiingie usiku ukiwa umelala. Weka nakala ya maktaba na ya leseni yake ndani ya mradi, usitegemee kuivuta kila mara kutoka kwenye seva ya mtu mwingine. Juni 2024 iligundulika kuwa anwani ya polyfill.io, iliyokuwa ikitoa msimbo wa bure kwa tovuti zaidi ya 100,000, ilikuwa imeuzwa miezi michache nyuma, na sasa inapenyeza msimbo wa hila kwenye tovuti hizo. Wenye nakala zao wenyewe hawakuguswa.

Tarakimu zenyewe zihifadhi peke yake, nje ya chati, katika muundo ambao programu yoyote inaweza kuusoma. Chati inaweza kuchorwa upya na maktaba nyingine. Tarakimu zikipotea hakuna wa kukuchorea.

Na kama maktaba ya mtu imekulisha, mrudishie kitu. Si lazima iwe fedha. Ripoti kasoro unayoikuta, rekebisha maelezo yasiyoeleweka, au tafsiri maneno yake kwa Kiswahili. Mradi wenye watu wa kuujali haufi haraka, nawe utakuwa umepunguza siku za kupigiwa simu na mteja anayeuliza chati zake zimekwenda wapi.